Swali la Kisima: Alama Tano Zilizolipwa kwa Kumbukumbu

Kisa hiki ni cha swali moja la mtihani wa Kemia, Kidato cha Tatu, katika sekondari ya kutwa kisiwani Lamu. Swali zima lilikuwa na alama nane. Mwalimu alikuwa ameandaa jedwali la mgawanyo wa maswali, kama tunavyotakiwa sote, na humo sehemu ya mwisho ya swali hili, yenye alama tano, aliiwekea neno "kutathmini". Karatasi zilipokwisha kurudishwa, binti mmoja alimfuata ofisini na yake mkononi. "Mwalimu, mie sikukosea," alisema. "Nimeliangalia jedwali la visima ulotupa." Alikuwa amepata moja kwa tano. Mwenzake wa dawati moja, ambaye hakuligusa jedwali hilo la visima hata kwa neno, alipata nne.

Shule siitaji, na watu wake siwataji. Mimi nafundisha somo hilo hilo Malindi, na niliingia katika jambo hili kwa sababu mwalimu alitaka mtu wa mbali asahihishe upya nakala chache bila kujua ni za nani wala zilipata ngapi. Nilizisoma kwanza nikifuata mwongozo wake wa kusahihisha, kisha nikazisoma tena mwongozo nikiwa nimeuweka kando. Nakala zilizopanda juu katika usomaji wa kwanza zilishuka katika wa pili, na zilizoshuka zikapanda.

Swali lenyewe

Mwalimu hakulitoa swali lake hewani. Mji wa Lamu hupata maji yake kutoka visima vya Shela, chini ya matuta makubwa ya mchanga. Mvua hunyesha juu ya matuta, mchanga ukainywa, na maji hayo matamu yakatulia chini ya ardhi juu ya maji ya bahari yaliyopenya kutoka pwani. Hayachanganyiki upesi kwa sababu ya tofauti ya uzito: lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 1,025, na ya maji matamu gramu 1,000. Tofauti ndogo hiyo ina hesabu yake. Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg waliifikia kila mmoja peke yake, kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ni hesabu ya makadirio, lakini ukiigeuza inatisha. Pampu ikishusha maji ya kisima kwa sentimita 10 tu na yakabaki hivyo kwa muda mrefu, mpaka wa maji ya chumvi unaweza kupanda mita nne.

Haya yote yalifundishwa. Wiki moja kabla ya mtihani mwalimu alichora ubaoni kisiwa kilichokatwa ubavuni, maji matamu juu, ya chumvi chini, na wanafunzi wakanakili. Msomaji alishike hilo, maana kisa kizima kinaegemea hapo.

Kwenye karatasi ya mtihani aliweka jedwali la visima vitatu. Namba alizitunga mwenyewe kwa ajili ya swali. Si vipimo vya kisima cha mtu yeyote. Kisima A kiko Shela kando ya tuta, mita 600 kutoka ufuoni, kina chake mita 4. Kisima B kiko sehemu ya juu ya mji, mita 350 kutoka ufuoni, kina mita 9. Kisima C kiko karibu na pwani, mita 60 tu, kina mita 5. Kwa kila kimoja alitoa kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa mikrosimensi kwa sentimita, asubuhi kabla ya pampu kuwashwa na jioni baada ya pampu kufanya kazi mchana kutwa. A kilikuwa 700 asubuhi na 720 jioni. B, 1,100 na 1,150. C, 2,900 na 4,300. Maji ya bahari yaliwekwa mwisho wa jedwali kwa kulinganishia: takriban 50,000. Kadiri namba inavyopanda ndivyo chumvi ilivyo nyingi, na hilo pia liliandikwa chini ya jedwali.

Sehemu (a), alama mbili: eleza namna ya kuchunguza kama maji yana ayoni za kloridi (sehemu mojawapo ya chumvi). Sehemu (b), alama moja: taja njia moja ya kuondoa chumvi kwenye maji. Sehemu (c), alama tano, ndiyo iliyozua maneno:

"Fundi wa pampu amemwambia mwenye kisima C: Maji yako yameingia chumvi kwa sababu kisima ni kifupi. Ukikichimba mita sita zaidi utaipita chumvi, upate maji matamu. Kwa kutumia jedwali na ujuzi wako wa sayansi, tathmini madai ya fundi."

Ni swali zuri. Nasema hivyo mapema ili ieleweke kwamba sina ugomvi nalo. Lina mtu, lina pesa zitakazotumika au kupotea, lina ushahidi usiokubaliana na mtu mmoja moja kwa moja. Nimeona maswali mengi ya "tathmini" ambayo ukiliondoa neno hilo ukaweka "taja", hakuna kinachobadilika.

Mwongozo wa kusahihisha ulisema hivi: madai si kweli, 1, maji ya chumvi yana densiti (uzito kwa ujazo) kubwa kuliko maji matamu, 1, kwa hiyo hukaa chini, 1, kuchimba zaidi kutayafikia maji ya chumvi, 1, ametumia jedwali, 1.

Nakala tatu

Nakala ya kwanza ni ya yule kijana aliyepata nne. Aliandika kwa mpangilio na kwa Kiingereza kisicho na kasoro: madai ni ya uongo, maji ya chumvi yana densiti kubwa, hukaa chini ya maji matamu, fundi akichimba atayakuta. Kila sentensi ni kweli. Ningekuwa mwenye kisima ningefuata ushauri wake na ningeokoa pesa zangu. Lakini mbele yake kulikuwa na kisima B, chenye kina cha mita 9, ambacho maji yake ni matamu kuliko C chenye mita 5. Kwa mtu anayesema kwamba ukienda chini unakuta chumvi, B anamdai maelezo. Kijana hakumwona. Alikuwa kama kadhi aliyetoa hukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi. Hukumu ilitokea kuwa sawa, ila hatuwezi kusema kesi imesikilizwa.

Nakala ya pili ni ya binti. Kiingereza chake kilikuwa cha kusuasua, mahali pengine akaingiza Kiswahili. Naiweka hapa kwa Kiswahili kitupu:

"Kisima A ndicho kifupi kuliko vyote na ndicho kitamu kuliko vyote, kwa hivyo ufupi si sababu. B ni kirefu na ni kitamu kuliko C, lakini kiko mbali na bahari, kwa hivyo hatujui ni urefu au ni umbali. C asubuhi ni 2,900 na jioni 4,300 na urefu wake haujabadilika, kwa hivyo pampu imefanya kitu. Fundi hana ushahidi. Apime kwanza siku ambayo pampu haijawashwa."

Mistari mitano. Ndani yake amevunja sababu aliyoitoa fundi kwa kisima A. Ameona kwamba kisima B kinaonekana kumsaidia fundi, akaeleza kwa nini msaada huo hautoshi. Ametofautisha kinachobadilika na kisichobadilika katika C. Amependekeza kipimo. Mwongozo ukamlipa alama moja, ya "ametumia jedwali". Hata ile alama ya "madai si kweli" aliikosa, kwa kuwa aliandika "hana ushahidi", na kwa jedwali alilopewa hiyo ndiyo kauli iliyo makini zaidi.

Nisimpambe kupita kiasi. Hakueleza kwa nini pampu iongeze chumvi. Mchoro wa ubaoni alikuwa nao daftarini na hakuutumia. Angeulizwa na mwenye kisima, "Basi nichimbe au nisichimbe?", angeweza kuikataa sababu ya fundi lakini asingeweza kumwonya kuhusu hatari ya kuchimba. Nusu ya kazi ya sayansi haimo katika jibu lake. Katika jibu la kijana nusu nyingine haimo vilevile, ila nusu aliyoiandika ndiyo iliyokuwa na bei.

Nakala ya tatu ilikuwa na sentensi tatu tu. "Kina kinapimwa kutoka juu ya ardhi. B iko juu mlimani. Pengine chini yake haijafika hata usawa wa bahari." Basi. Sifuri kwa tano.

Hili ndilo wazo kali kuliko yote niliyoyasoma katika rundo lile. Mji wa Lamu unapanda kutoka ufuoni. Mita 9 za kisima kilichochimbwa juu na mita 5 za kisima cha pwani hazianzii mahali pamoja, kwa hiyo safu nzima ya "kina" katika jedwali haipimi kile ambacho hoja inakihitaji, yaani umbali kutoka usawa wa bahari. Kijana huyu hakukosoa hoja ya fundi peke yake. Alikosoa jedwali la mwalimu. Nilipouliza nikaambiwa kwao ni watu wa kuchimba visima na yeye hufuatana na babake siku za mapumziko. Hakumaliza hoja yake, hakuiunganisha na C, na sidhani angestahili alama tano. Lakini sifuri?

Neno "kutathmini" lilikaa wapi

Walimu wengi tumefundishwa ngazi za kufikiri za Benjamin Bloom za mwaka 1956, au zile zilizorekebishwa mwaka 2001: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini, kubuni. Tunazibandika kwenye maswali kama lebo. Tatizo ni kwamba ngazi haikai ndani ya swali. Inategemea mwanafunzi alikutana na nini kabla. Swali la kisima angepewa mwanafunzi wa Malindi ambaye hajawahi kuona mchoro ule, lingemlazimu kutumia anachojua kuhusu densiti kufikia jambo jipya. Kwa darasa hili, lililonakili mchoro wiki iliyotangulia, mistari minne kati ya mitano ya mwongozo ilikuwa tayari daftarini. Kilichopimwa ni kumbukumbu ya wiki moja.

Halafu kuna mazoea ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, na hapa namtetea mwalimu. Sisi sote tumelelewa na mwongozo wa aina ile. Katika karatasi ya tatu ya Kemia, ile ya vitendo, jedwali la upimaji wa asidi na besi lina alama zake zinazojulikana: jedwali kukamilika, desimali, usahihi ukilinganishwa na jibu la mwalimu, kanuni ya kutafuta wastani, wastani wenyewe. Msahihishaji anapitia nukta moja moja na kuweka alama. Ni njia ya haki kwa maelfu ya karatasi, kwa sababu wasahihishaji wawili watafika pamoja. Hata kwenye nakala za Lamu, nilipofuata mwongozo, alama zangu na za mwalimu zilikaribia kulingana kote. Nilipouweka kando tukaachana vibaya: binti nilimpa nne, mwalimu mbili, yule wa sentensi tatu nilimpa mbili, mwalimu moja. Mwongozo ulikuwa umetupatanisha, na tulikuwa tumepatana juu ya kitu ambacho swali halikukitafuta.

Sehemu (a) ilipita bila malalamiko, na ndiyo maana inafaa kuitazama. Karibu wote waliandika jambo moja: tia nitreti ya risasi, mashapo meupe yatatokea, pasha moto yatayeyuka. Alama mbili, twende. Hakuna aliyeulizwa jaribio hilo lingemsaidia nini mwenye kisima. Kloridi iko hata katika kisima A. Jibu la "ipo" au "haipo" halimfai mtu anayetaka kujua ni kiasi gani. Tena maji yaliyoguswa na bahari yana salfeti pia, na salfeti huleta mashapo meupe na risasi ambayo hayayeyuki kwa moto, kwa hiyo anayefuata maneno ya daftari angeona mashapo yamebaki akasema hakuna kloridi. Njia ya maskini ya kupata kiasi iko ndani ya uwezo wa shule yoyote: chukua mililita 250, kausha taratibu, pima kilichobaki. Maji yenye gramu 1.2 za chumvi kwa lita yatakuachia gramu 0.3, na mizani ya maabara inaiona. Shirika la Afya Duniani linasema maji huanza kukosa ladha kwa kiasi kikubwa vitu vilivyoyeyuka vikizidi miligramu 1,000 kwa lita, kwa hiyo namba hiyo ingekuwa na maana nyumbani kwa mtu.

Sehemu (b) wengi waliandika "kuchemsha". Mwalimu alikasirika, mimi sikushangaa. Katika mji wa kale, ambako visima na vyoo vya shimo vimekaribiana, kuchemsha maji ni jambo ambalo kila mama amelisisitiza, na ni sahihi kwa vijidudu. Wanafunzi walikuwa na ujuzi wa kweli, wakaupeleka kwenye tatizo lisilo lake. Chumvi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, chumvi inabaki. Kosa hilo lilimwambia mwalimu mengi kuliko majibu sahihi ya (a), lakini kwenye orodha ya alama lilionekana sawasawa na karatasi iliyoachwa tupu.

Dakika tatu mezani

Kabla ya kubadilisha chochote, mwalimu alifanya jambo la busara ambalo wengi tungelikwepa kwa kisingizio cha muda. Aliwaita wanafunzi kadhaa mmoja mmoja mezani kwake, akawahoji kwa Kiswahili kwa dakika chache. Swali lilikuwa jipya kidogo: kisima A cha Shela kikichimbwa mita sita zaidi, itakuwaje?

Yule kijana wa alama nne alijibu papo hapo. "Kitaingia chumvi, mwalimu." Una hakika? "Kwa sababu ya densiti." Mwalimu akamwuliza angehitaji kujua nini zaidi kabla ya kumwambia mtu maneno hayo. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Yale maji matamu pale chini ya tuta yana unene gani?" Hapo ndipo alipoanza kuutumia ujuzi wake. Hakuwa mtupu. Mtihani haukuwa umemwomba kitu hicho, naye akatoa kilicholipwa, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya.

Binti aliulizwa kwa nini pampu iongeze chumvi. Akakisia: "Ya juu yakiondoka, ya chini yanapanda?" Alikuwa na jibu lote isipokuwa ujasiri wa kuliandika, na pengine Kiingereza cha kuliandikia. Sitaki kuifanya hii kuwa hoja kuu, lakini ni kweli kwamba kutathmini kunahitaji vishazi virefu vya "ingawa" na "isipokuwa", na mwanafunzi asiyevimudu katika lugha ya mtihani huonekana hana mawazo.

Kusahihisha upya

Mwongozo mpya wa sehemu (c) tuliuandika pamoja kwa simu. Alama mbili kwa kueleza kinachotokea chini ya kisima C hasa, si visima kwa jumla. Alama mbili kwa kusema jedwali linaunga mkono nini na haliungi mkono nini, kwa kutaja visima vyenyewe. Alama moja kwa kipimo ambacho kingeamua shauri. Hukumu peke yake, "ni kweli" au "si kweli", haina alama. Kwa mizani hiyo kijana wa kwanza akapata moja, kwa kuwa maelezo yake hayakufika kwenye C. Binti akapata tatu. Yule wa sentensi tatu akapata moja. Tulipolinganisha alama zetu tena, hatukupishana kwa zaidi ya moja popote.

Mkuu wa idara alikubali darasa zima lisahihishwe upya. Waliopoteza alama wakaja juu, na walikuwa na haki: waliandika kilichofundishwa, wakaahidiwa kwa miaka yote kwamba ndicho kinacholipwa. Mwishowe ikaamuliwa kwamba anayepanda apande, na anayeshuka abaki na alama yake ya zamani. Mimi nisingefanya hivyo. Ningeziacha alama zote zilivyo na kuubadilisha mtihani unaofuata, kwa sababu uamuzi ule ulitoa orodha ya darasa ambamo namba mbili zinazofanana zimetoka kwenye mizani miwili. Lakini mimi sikuwa na wazazi mlangoni.

Barafu yenye chumvi

Muhula uliofuata swali lilibadilika. Muuza barafu anamwambia mvuvi: "Barafu yangu imetiwa chumvi, ni baridi zaidi, kwa hiyo itakaa zaidi na samaki wako hawataharibika." Ujuzi unaohitajika ni wa Kidato cha Kwanza, kwamba kitu kisicho safi huyeyuka kwenye joto la chini kuliko kilicho safi. Barafu na chumvi vikichanganywa vya kutosha huweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Sehemu ya kwanza ya madai yaweza kuwa kweli. Ya pili haifuati, maana barafu hiyo inapoa kwa kuyeyuka, na inayeyuka upesi. Darasani hakuna aliyewahi kuzungumza juu ya barafu ya wavuvi.

Jedwali lilikuwa na mtego. Masanduku mawili, jaribio limerudiwa mara tatu, barafu iliyobaki baada ya saa sita imepimwa. Sanduku lenye chumvi lilibaki na barafu nyingi zaidi. Ila chini ya jedwali iliandikwa kwamba sanduku hilo liliwekwa kivulini na lile jingine juani.

Majibu yalikuwa bora kwa namna moja. Karibu kila mtu sasa aliligusa jedwali. Yule kijana wa alama nne alieleza kwa nini chumvi ingepaswa kuyeyusha barafu mapema, akauliza mbona jedwali linasema kinyume, akakiona kivuli. Lakini katika nakala nyingi ilijitokeza sentensi moja, karibu neno kwa neno: "Jaribio hili si la haki kwa sababu limefanywa mara moja tu, linafaa kurudiwa." Limefanywa mara tatu! Imeandikwa pale pale! Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wanaoongoza darasa.

Mwalimu aligundua chanzo bila taabu. Walipokuwa wakipitia mtihani wa kisima, alitoa mfano wa kasoro ya ushahidi: kipimo cha siku moja hakitoshi. Mfano ukanakiliwa, ukasambaa kwenye vikundi vya WhatsApp vya darasa, ukawa jibu. Waliokuwa wakikariri densiti sasa walikuwa wakikariri ukosoaji. Hili ndilo lililonishtua kuliko alama tano za kwanza, kwa sababu mwongozo wetu mpya ulikuwa umelipa sentensi hiyo kwenye baadhi ya nakala kabla hatujashtuka.

Kwa hiyo mstari wa pili wa mwongozo ukaandikwa tena. Kasoro inalipwa tu ikiwa mwanafunzi ameonyesha iko wapi katika jedwali hili na inabadilisha vipi hitimisho: kivuli kimepunguza joto lililolifikia sanduku la chumvi, kwa hiyo barafu iliyobaki haithibitishi kwamba ni chumvi iliyoihifadhi. Anayesema "hali hazikuwa sawa" akaishia hapo hapati kitu. Ni ukali, na wanafunzi wanaolemewa na Kiingereza unawaumiza zaidi, ndiyo maana wanaruhusiwa sasa kujibu sehemu hiyo kwa mchoro wenye mishale na maneno machache. Michoro mingine imetoka safi kuliko aya.

Gharama yake ni muda. Sehemu moja kama hii inasahihishwa kwa muda ambao ungemaliza maswali kadhaa ya kawaida, na mwalimu mwenye mikondo mitatu hawezi kuweka zaidi ya moja katika mtihani mmoja. Muktadha hautumiki mara mbili, na haufundishwi kabla. KCSE yenyewe, ambayo kwa mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, haitamlipa kwa taabu hiyo. Anasema anajiandaa kwa wanafunzi wa Gredi ya 10 wa mtaala mpya, walioanza mwaka 2026, ambako tathmini ya shuleni itakuwa na uzito wake. Pengine.

Swali analoandaa sasa ni la kwetu Malindi: tope la Mto Sabaki na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Wakati wa upepo wa kaskazi maji mekundu ya mto husukumwa kusini kuelekea kwenye matumbawe. Wakati wa upepo wa kusi, na Julai ni msimu wake, huelekea upande wa pili. Madai ya swali ni kwamba tope la mto halina madhara kwa matumbawe, kwa kuwa vipimo vya Julai vilionyesha maji safi. Nilimwambia kwamba asiyejua pepo hizo atakwama kwa jambo ambalo si Kemia wala Biolojia. Akanijibu kwamba mtoto wa Lamu asiyejua kaskazi na kusi hajazaliwa. Nikamkumbusha kwamba darasani kwake kuna watoto wa watumishi waliohamishiwa kutoka bara. Tumekubaliana mwelekeo wa upepo uandikwe kwenye jedwali, safu ya tatu, bila alama.